Mafuta ya mgando, mionzi na kemo: ngozi ya mgonjwa wa saratani inahitaji nini hasa?

Mgonjwa akishaanza mionzi, simu yake haikosi washauri. Huyu anamtumia sauti ya WhatsApp kwamba asiguse maji mpaka amalize dozi. Yule anasema paka asali, shangazi yake ilimsaidia. Mwingine anauza zeri ya kikopo yenye lebo ya kijani, neno "asilia" limeandikwa kila upande, bei yake ya kutisha. Hospitalini nako nesi wa asubuhi kasema usipake kitu, wa jioni kasema paka lakini kidogo. Ndugu wanaomuuguza wanabaki na chupa nne mezani, hawajui waanze na ipi.

Mkanganyiko huu haukuzuka hewani. Baadhi ya makatazo hayo kweli yalitoka hospitalini miaka ya nyuma, kwa tahadhari tu, kabla hayajapimwa. Yalipopimwa, mengine yakaanguka, lakini watu walikuwa wameshayakariri. Kisha kuna hili la kuzungumzia matibabu ya kansa kana kwamba ni kitu kimoja, wakati kila tiba ina namna yake ya kuiumiza ngozi.

Mionzi ni tiba ya sehemu moja. Mashine huelekezwa pale palipo na uvimbe, na ngozi inayoathirika ni ile tu ambayo mionzi inaipitia kuingia au kutoka. Aliyepigwa mionzi ya titi hatapata shida ya ngozi kiunoni. Kemo ni dawa ya kuua seli za saratani, ya dripu au ya vidonge, na huzunguka na damu mwili mzima, kwa hiyo dalili zake hujitokeza popote, hasa viganjani, kwenye nyayo na kwenye kucha. Kuna pia dawa lengwa, zilizoundwa kuzuia kitu kimoja mahususi ndani ya seli. Hizi zina vipele vyake, nitavigusa baadaye. Ukishazitenganisha tiba hizi tatu utaona kwamba "mafuta ya wagonjwa wa kansa" ni jina la dukani. Swali la maana ni mafuta ya ngozi ipi, iliyoumizwa na nini, na imefikia hatua gani.

Kinachotokea chini ya ngozi

Fikiria paa la makuti. Jua na mvua hula makuti ya juu kila siku, lakini paa halivuji kwa sababu uani kuna watu wanaosuka mapya na kuyapandisha. Ngozi ndivyo ilivyo. Tabaka lake la juu kabisa ni seli zilizokwisha kufa, zimelaliana, nazo hudondoka kila siku bila wewe kujua. Chini yake kuna seli zinazogawanyika mfululizo kuleta mbadala, na seli mpya huchukua takriban wiki 4 kutoka chini hadi juu. Mionzi na dawa nyingi za kemo huziumiza zaidi seli zinazogawanyika haraka, kwa kuwa hiyo ndiyo tabia ya saratani. Wasukaji wetu nao hugawanyika haraka, basi hupigwa pamoja na adui.

Ndiyo maana wiki ya kwanza ya mionzi mtu hujitazama na kusema, mbona sina kitu? Makuti ya zamani bado yako juu. Shida huanza kuonekana wiki ya pili au ya tatu, pale ya zamani yanapokwisha na mapya hayajaletwa. Chukua mama anayetibiwa saratani ya shingo ya kizazi pale Ocean Road, Dar es Salaam. Ratiba yake mara nyingi ni mionzi mara 25, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki 5. Kilele cha maumivu ya ngozi hakimkuti katikati ya dozi bali mwishoni, au wiki moja hadi mbili baada ya kumaliza, wakati ameshafungasha mizigo na yuko kwenye basi la kurudi mkoani. Hilo huwatisha wengi, wanadhani ugonjwa umerudi. Kwa kawaida ngozi huanza kufunga yenyewe, na ndani ya mwezi mmoja hivi baada ya mionzi ya mwisho inakuwa imetulia.

Sasa mafuta yana kazi gani hapa? Mafuta hayasuki kuti hata moja. Kazi yake ni ya turubai: yanafunika pale palipokonda, yanazuia maji ya ngozi yasipotee hewani, na yanapunguza msuguano wa nguo. Anayekuahidi kwamba zeri yake itazuia kabisa ngozi isiathirike na mionzi anakuuzia turubai kwa bei ya paa.

Kwenye ngozi nyeusi, usitafute wekundu

Vipeperushi vingi vinasema dalili ya kwanza ni ngozi kuwa nyekundu. Maelezo hayo yameandikwa kwa ngozi ya Mzungu. Mgonjwa wa Tabora au Kisumu akisubiri wekundu atasubiri mpaka ngozi ibanduke. Kwetu dalili ya mapema ni eneo kuwa jeusi kuliko jirani zake, au kuelekea rangi ya kijivu na zambarau. Pamoja na rangi tumia mkono. Gusa kwa nyuma ya vidole: kuna joto kuliko upande wa pili? Ngozi inakaza ukiinua mkono? Inawasha? Mapajani, kinenani, kwapani, chini ya titi na nyuma ya masikio ndiko pa kuangalia zaidi, maana ngozi hukunjana, hutoka jasho na kusuguana. Mwambie daktari hata kama yeye haoni kitu. Hii ni dosari ya vipeperushi, na wagonjwa wetu huilipia kwa kufika kwa nesi wakiwa wamechelewa.

Na mtu akikuuliza kwa nini jirani yake wa kitanda hakupata kitu, jibu mara nyingi liko kwenye eneo linalotibiwa, ukubwa wa dozi na aina ya mashine. Mashine za kobalti, ambazo zimebeba mzigo wa tiba ya mionzi Afrika Mashariki kwa miaka mingi, hutoa dozi yake kubwa takriban nusu sentimita chini ya ngozi. Linaki, zile mashine mpya zaidi, kwa nguvu inayotumika mara nyingi huifikisha karibu sentimita 1 na nusu chini, hivyo ngozi yenyewe inasalimika zaidi. Ngozi kuungua sana si ushahidi kwamba dawa inafanya kazi, wala kutoungua si dalili kwamba umepigwa mionzi hewa.

Oga

Katazo la maji ndilo linalowaumiza watu zaidi, kwa sababu jasho na uchafu uliokaa wiki 5 kwenye mkunjo wa ngozi ni mwaliko wa vijidudu. Uingereza walilipima jambo hili tangu mwaka 1992: wagonjwa wa mionzi ya kifua wakagawanywa, wengine waoge, wengine wasioge. Waliooga hawakupata madhara zaidi. Kwa hiyo oga, kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na manukato. Dodoki na jiwe la kusugulia viweke pembeni, na sabuni ya kufulia ibaki na nguo. Tumia kiganja. Kisha kausha kwa kugandamiza taulo au kanga laini, usifute kwa kuburuza. Mistari ya wino aliyokuchora fundi wa mionzi usiisugue, ikififia mwambie yeye airudie, usijichoree mwenyewe kwa kalamu.

Mwenye mionzi ya nyonga ana bahati kwamba kwetu watu huchamba kwa maji, maana ni laini kuliko karatasi. Akaushe tu kwa kugandamiza. Kujifukiza kwa mvuke wa majani au udi, na kukandwa kwa maji ya moto, hapana. Najua bibi atakasirika, lakini joto juu ya ngozi hii ni kuongeza kuni.

Dawa ya kwapa nayo ilikatazwa miaka mingi kwa hofu kwamba madini yake yataongeza mionzi kwenye ngozi. Tafiti hazikuthibitisha hofu hiyo. Kama ngozi ya kwapa haijachubuka na hospitali yako haikukataza, isiyo na harufu kali haina neno.

Mafuta yapi, na kiasi gani

Geuza kopo usome nyuma. Viambato vya mafuta ya ngozi viko vya namna tatu. Kuna vinavyovuta maji na kuyashika ndani ya ngozi, kama glisirini na yurea. Kuna vinavyolainisha kwa kujaza nyufa, kama mafuta ya nazi na siagi ya shea, ile inayokamuliwa kaskazini mwa Uganda. Na kuna vinavyofunika juu, kama mafuta ya mgando na nta ya nyuki. Zeri nzuri ina viwili au vitatu kati ya hivyo na basi. Orodha ikiwa ndefu kama khutba, yenye manukato, mafuta ya karafuu, mchaichai, ndimu, mentoli au kafuri, irudishe rafuni. Mafuta ya kuchua yanayopoza kifua cha mtoto yatawasha moto kwenye ngozi ya mionzi. Asilia si sawa na pole. Mwarobaini ni asilia, na pilipili pia.

Tafiti zenyewe hazijawa na huruma na zeri za bei. Australia mwaka 2002 waliwalinganisha wanawake 225 wenye mionzi ya titi, jeli ya alovera kwa krimu ya kawaida isiyo na mbwembwe. Ngozi kukauka na kubanduka, pamoja na maumivu, vilikuwa vichache kwa waliopaka krimu ya kawaida. Ua la kalendula lina hadithi ya kuvutia zaidi. Ufaransa mwaka 2004, kati ya wanawake 254, waliopaka kalendula walipata madhara ya kiwango cha kati na kuendelea kwa asilimia 41, dhidi ya 63 kwa waliopaka krimu nyingine iliyozoeleka huko. Dunia ikashangilia. Lakini mwaka 2013 Wasweden wakairudia kwa wanawake zaidi ya 400, safari hii wakiishindanisha na krimu ya kawaida, na tofauti haikuonekana. Ninavyosoma mimi, kalendula haina kosa, ila krimu ya kawaida inafanya kazi yake vizuri kuliko sifa inayopewa. Kopo la mafuta ya mgando yasiyo na harufu, linalouzwa kila duka la mtaani, si umaskini wa tiba.

Vipi madai kwamba mafuta ya mgando yanatokana na petroli na yatawaka mionzi ikipita? Mionzi haiwashi moto, mafuta hayatawaka kwenye meza ya mionzi. Hatari ya moto iko jikoni: kanga au shuka iliyolowa mafuta siku nyingi hushika moto haraka kuliko kavu, basi usikae nayo karibu na jiko la mkaa.

Katazo jingine, la kutopaka chochote saa kadhaa kabla ya mionzi, lina chembe ya ukweli. Tabaka nene la mafuta hufanya mionzi itue juu zaidi, yaani kwenye ngozi yenyewe. Swali ni unene. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2018 ulipima na kuona kwamba mafuta ya milimita 1 au 2 hayabadilishi dozi ya ngozi, bali yakifika milimita 3 na zaidi ndipo dozi hupanda. Milimita 3 ni mafuta ya kubandika kama siagi kwenye mkate. Ukipaka kiasi ambacho ngozi inang'aa bila vidole kuacha mfereji, uko salama. Hata hivyo kama kituo chako kinataka uje mkavu, njoo mkavu, kisha paka ukirudi. Haina maana kugombana na mtu anayekulaza chini ya mashine kila siku.

Wakati mzuri wa kupaka ni dakika chache baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevunyevu. Turubai likifunika palipokauka, linafunika ukavu. Anza siku ya kwanza ya matibabu, usingoje ipasuke. Nguo iwe ya pamba na pana. Sidiria ya waya ipumzike. Mwenye mionzi ya shingo anayevaa hijabu achague kitambaa laini asichokifunga kwa pini karibu na eneo lile.

Ngozi ikifunguka, mafuta yasimame

Mambo yote hayo ni ya ngozi iliyofungika. Ikibanduka ikaacha nyama mbichi inayotoa majimaji, hapo si zamu ya zeri tena, ni zamu ya nesi. Kidonda huoshwa kwa maji safi ya chumvi ya hospitali na kufunikwa kwa bandeji isiyogandana na nyama. Ile dawa ya zambarau, GV, iliyopakwa vizazi na vizazi, hukausha na kukakamaza, na rangi yake huficha kidonda kiasi kwamba daktari haoni kama kinapona au kinaoza. Dawa ya meno, yai bichi, unga wa mkaa na poda ya mtoto vyote huganda kwenye jeraha na kulisha vijidudu.

Kuna krimu moja inayofanya zaidi ya kufunika: krimu ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho), kama mometasoni, ambayo tafiti zimeonyesha hupunguza makali ya ngozi ya mionzi. Daktari akikuandikia, tumia kama alivyosema. Ila isijichanganye na zile tyubu za steroidi kali, betamethasoni na klobetasoli, zinazopangwa kwenye meza za vipodozi pamoja na mkorogo. Kishawishi ni kikubwa, kwa sababu eneo la mionzi huweza kubaki jeusi miezi mingi, na dada atakuletea "kitu cha kutoa weusi". Humo mara nyingi mna zebaki au haidrokwinoni, vitu vilivyopigwa marufuku kwenye vipodozi Tanzania, Kenya na Rwanda. Ngozi iliyokonda hunyonya hiyo sumu kuliko ngozi nzima.

Kemo: viganja, nyayo na alama za vidole

Dawa ya vidonge iitwayo kapesitabini, inayotumika kwa saratani ya utumbo mpana na ya titi, ina tabia ya kushambulia viganja na nyayo. Huanza na ganzi ya kuchomachoma, kisha viganja vinakuwa vyeusi au vya zambarau, vinavimba, vinapasuka, na mtu anashindwa kushika mwiko wa ugali au kuvaa kandambili. Wengi huvumilia wakidhani ni gharama ya kupona. Usivumilie. Mapema daktari anaweza kupunguza dozi au kuisimamisha kidogo, na tiba ikaendelea. Ukingoja, inakatika kabisa.

Hapa napo vita vya zeri vilishapiganwa. Ujerumani, katika utafiti uliotoka mwaka 2015, wagonjwa 152 wa kapesitabini waligawanywa: kundi moja marhamu maalumu iliyojaa antioksidanti (viambato vinavyosifiwa kukinga seli), jingine krimu ya yurea ya asilimia 10. Waliopata tatizo kwenye kundi la marhamu walikuwa asilimia 39.5, kwenye yurea asilimia 22.4. Tena mwaka 2024 madaktari wa New Delhi, India, walionyesha kwamba jeli ya diklofenaki ya asilimia 1, ile ya maumivu ya mgongo, ikipakwa viganjani mara mbili kwa siku ilishusha tatizo la kiwango cha kati na kikali kutoka asilimia 15 hadi 3.8. Angalizo: jeli nyingi za namna hiyo madukani zimechanganywa na mentoli, na hizo sizo. Muulize daktari wako kwanza.

Viganja vikibanduka sana, alama za vidole hufutika. Mwaka 2009 jarida moja la madaktari wa saratani liliripoti kisa cha mgonjwa wa miaka 62 kutoka Singapore aliyeshikiliwa kwa muda wa saa 4 uwanja wa ndege Marekani kwa sababu mashine haikuona alama zake. Kwetu Tanzania, ambako laini ya simu tangu 2019 husajiliwa kwa kidole, jambo hili si la mbali. Anayeanza kapesitabini na amalize mambo yake ya kitambulisho cha taifa (NIDA) na laini kabla, na atembee na barua ya daktari. Baada ya dawa kusimama alama kwa kawaida hurudi.

Kucha nazo huwa nyeusi au zenye mistari. Kina mama hupenda kuzificha kwa hina na piko. Hina halisi haina matata makubwa ngozi ikiwa nzima, lakini piko ni rangi ya nywele yenye kemikali inayoweza kuleta malengelenge hata kwa mtu mwenye afya njema.

Dawa lengwa za kundi la erlotinibu na setuksimabu huleta vipele usoni na kifuani vinavyofanana na chunusi. Si chunusi. Dawa za chunusi hukausha ngozi ambayo tayari imekauka. Daktari huandika antibayotiki ya vidonge na krimu, na mgonjwa huendelea na mafuta yake ya kawaida.

Nyumbani kuna wanaotenga taulo, sabuni na hata kopo la mafuta la mgonjwa, wakihofia mionzi itawahamia. Aliyepigwa mionzi ya mashine hatoki nayo mwilini, ikizimwa imezimwa. Anaweza kulala na mwenzake na kubeba mjukuu. Sababu pekee ya kopo lake kuwa la peke yake ni ngozi yake iliyofunguka: vidole vya watu wengi ndani ya kopo humletea yeye vijidudu. Achote kwa kijiko safi. (Aliyepewa iodini ya mionzi kwa ugonjwa wa tezi ya shingoni ni habari nyingine, na ataelekezwa muda wa kujitenga.)

Nenda hospitali siku hiyohiyo ukiona usaha au harufu, homa ya nyuzi 38 na kuendelea, malengelenge yanayosambaa pamoja na vidonda mdomoni au machoni, au dripu inapouma na kuvimba inapoingia. Hili la mwisho usisubiri hata dakika: mwite nesi afunge dripu, kwa sababu ile kemo nyekundu, doksorubisini, ikivuja nje ya mshipa huozesha nyama.

Baada ya matibabu, ngozi iliyopigwa mionzi itahitaji kofia, mwavuli au mtandio juani maisha yote, weusi wake usikudanganye. Na kuna jambo ambalo wachache huambiwa: miezi, hata miaka baadaye, dawa fulani, zikiwemo baadhi za kemo, zinaweza kuamsha upya ule muwasho na kubanduka palepale mionzi ilipopita. Ukibadilisha hospitali au ukianzishiwa dawa mpya, mwonyeshe daktari eneo lenyewe na umwambie mwaka uliotibiwa.